Shingo Iliyosema Uongo

Wiki iliyopita niliwaacha nimesimama mbele ya kioo, nimejishika shingo, nalia kwa furaha kwa sababu rovu lilikuwa limenywea. Kwa wale ambao gazeti liliwapita, niseme tena bila kumung'unya: halikunywea kwa mwani.

Mwani niliutangaza mtaa mzima. Kila aliyekuja kupima nguo kwangu aliondoka anajua unavyolowekwa, unavyosagwa, na vijiko vingapi vinaliwa asubuhi na jioni. Nikaapa kwamba hospitali siendi. Kisha mikono ikaanza kutetemeka, nikashona mkono wa kushoto wa gauni la bibi harusi mahali pa wa kulia. Ndipo nikaenda hospitali kwa kujificha. Nikaambiwa tezi ya shingo inafanya kazi kupita kiasi, na kwamba mwani unaichochea kama petroli kwenye moto. Nikapewa vidonge, nikakatazwa mwani.

Nilitii yote mawili. Ila sikumwambia mtu, hata mume wangu. Vidonge nikavificha ndani ya kopo la vifungo, na chupa ya mwani nikaiacha juu ya meza ya kukatia ili ionekane.

Rovu likashuka. Sifa watu wakaupa mwani, nami nikaupokea mkono wa pongezi kwa niaba yake.

Wengine mmeniandikia kuniuliza nilipata faida gani. Sikupata hata sindano. Nilikuwa nalinda uso wangu tu. Mtu akishapiga kelele mpaka mtaa wa pili, kurudi mlango kwa mlango na kusema nilikosea ni kazi ngumu kuliko kushona suti. Sina sababu nyingine ya kuwapa.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Kwangu mimi kifo kilipokuja kuumbua, hakikuja kwangu. Kilimwendea wifi yangu.

Huyu wifi si wa kugombania naye ufunguo wa kabati. Wazazi wao walipofariki, mume wangu alikuwa na miaka sita, dada yake kumi na tisa. Alivunja uchumba, akaajiriwa kupika katika bweni la shule, na mdogo wake akakulia mle jikoni, akilala juu ya magunia ya unga. Siku ya ndoa yetu, kiti cha mama mkwe alikikalia yeye. Mbele ya watu nilimwita wifi. Moyoni alikuwa mkwe wangu.

Alikuja Jumamosi, na begi moja, amejifunga kitambaa shingoni ingawa joto lilikuwa la kukausha godoro. Alipokifungua nikaona rovu lake limezidi lile langu la zamani.

Akatuambia hospitali ya kwao imempangia tarehe ya kupasuliwa. Akasema anaogopa, kwamba kisu cha shingoni yeye alizoea kukiona kwa kuku. Kisha akatoa simu, akanionyesha picha zangu mbili, shingo kabla na shingo baada, na chini yake chupa ya mwani.

Picha zile alizipiga Mama Chupa, jirani anayetengeneza mwani na kuuza. Nilikubali kupigwa. Sikujua zingefika mbali hivyo.

Sikumuuliza wifi kwa nini hospitali haikumpa vidonge kama vyangu badala ya kisu. Ningemuulizaje, wakati nilikuwa nimeficha kwamba vidonge vya namna hiyo vipo? Kumbukeni hilo. Swali moja tu lingeokoa kila kitu, na uongo wangu ulikuwa umekaa juu yake.

Akaniomba nimshonee gauni. Nikamsimamisha katikati ya chumba cha mbele, nikaweka pini mdomoni, nikamzungushia tepu shingoni. Tepu ilikuwa ikirukaruka juu ya mshipa wake.

“Wifi,” akasema taratibu, “mimi na wewe hatudanganyani. Ni mwani tu?”

Nilikuwa na pini nne mdomoni. Ningeweza kuzitema. Nikaitikia kwa kichwa.

Akashusha pumzi kama mtu aliyetuliwa mzigo. “Basi nishonee la shingo wazi,” akasema. “Miaka minane hapa hapajaona upepo.”

Kwa muda mrefu nilijitetea kwamba sikutamka neno. Sasa hivi najua kichwa nacho ni mdomo.

Usiku ule mume wangu hakuridhika. Yeye ni mwalimu wa udereva, kazi yake ni kuona hatari kabla mwanafunzi hajaiona. Akasema upasuaji usiahirishwe. Lakini akaongeza kwamba mimi ndiye niliyepona, kwa hiyo mimi ndiye wa kusema.

Nikasema tumwachie mwezi mmoja ajaribu.

Asubuhi mume wangu akapiga simu hospitali, tarehe ikasogezwa mbele.

Wifi akaanza kula mwani wa Mama Chupa vijiko viwili asubuhi na viwili jioni, akiziba pua kwa sababu hakuipenda harufu. Siku ya kumi kikombe kikaanza kugonga meno yake. Alikuwa anatoka jasho akiwa amekaa mbele ya feni. Gauni nililompima likampwaya kabla sijalimaliza, ikabidi nilipunguze kiunoni mara mbili. Alikuwa anaamka mapema kuliko sisi sote na kufua nguo ambazo ni safi, kwa sababu moyo ulimwenda mbio na hakuweza kulala.

Kila kitu alichokuwa akipitia nilikuwa nakijua. Nilikipitia mimi kwanza.

Nikamwambia apunguze. Akacheka, akasema Mama Chupa amemweleza kwamba mwili unajisafisha, na kwamba hata mimi nilitetemeka kabla ya kupona.

Ni kweli nilitetemeka. Mama Chupa alichokikosa ni sehemu ya katikati.

Nikaona mchawi ni yeye. Nikaenda kwake nimekunja uso, nikamkuta uani anakamua mwani uliovimba kwenye beseni. Nikamtaka afute picha zangu na amwambie wifi yangu aache. Nilitegemea atabisha. Hakubisha. Alikaa kwenye ndoo iliyofunikwa akanitazama kwa mshangao wa kweli.

Akaniambia alianza kuuza mwani kwa kubahatisha, baada ya kusikia watu wanausifu. Akasema alikuwa na wasiwasi nao, tena karibu aache. Halafu akasema, “Fundi, mimi niliamini nilipoiona shingo yako. Mama yangu mzazi anaula kwa sababu yako.”

Nilikuja kumshtaki, nikakuta mimi ndiye msingi wa nyumba yake. Angeniuliza kitu kimoja tu, kwamba kwani kumetokea nini, ningemwambia. Hakuniuliza. Nikasema hakuna kitu, nimechoka tu, nikaondoka. Akanikimbilia mlangoni na kunipa chupa ya bure.

Njiani nikafikia uamuzi. Nataka mjue kwamba wakati ule niliuona ni uamuzi wa huruma.

Nilikuwa na vidonge. Vilinitibu mimi. Ugonjwa ni mmoja, shingo ni ile ile. Kwa nini nimwache mtu ateseke wakati dawa ninayo? Na kwa nini nimwambie, wakati naweza kumpa bila kumwambia?

Nikatoa kidonge kwenye kopo, nikakikunja ndani ya kipande cha kitambaa, nikakiponda kwa kitako cha pasi. Unga wake nikauchanganya kwenye kikombe cha wifi. Kwa mara ya kwanza mwani wa Mama Chupa ulikuwa na dawa ndani.

Nilifanya hivyo kila asubuhi. Baada ya wiki mbili mikono yake ikaanza kutulia. Akalala mpaka jua likachomoza. Akaja kunikumbatia nikiwa kwenye cherehani, mguu ukiwa bado kwenye kanyagio, akasema Mungu amlipe aliyeuleta mwani duniani. Kisha akawarekodia sauti wapishi wenzake wa bweni, akawasihi waje wachukue.

Nilimsikia akirekodi. Alinitaja mimi. Nikaendelea kushona, nikashona kidole.

Hata hivyo nilijiambia mambo yamenyooka. Atapona, nitamtafutia njia ya kurudi hospitali, na siri itajifia yenyewe. Ndivyo mtu anavyojidanganya akishazoea kuwadanganya wengine. Mkono unakuwa mwepesi.

Jumanne wifi akaamka na koo linauma. Nikamchemshia maji ya chumvi asukutue. Jioni homa ikapanda. Jumatano ulimi na midomo vilikuwa na vidonda, hata mate aliyameza kwa shida. Nikasema ni mafua makali. Nilisema hivyo kwa sauti kubwa, kama vile mafua yenyewe yananisikiliza.

Saa sita mchana akasema angalau alipime gauni lake, maana lilikuwa limebaki kutiwa vishikizo. Nilimvalisha. Shingo ilikuwa wazi kama alivyotaka. Akageuka kujitazama kwenye kioo, akashika ukingo wa meza ya kukatia, akaanguka nayo, mikasi na chaki juu yake.

Mume wangu alikuja na gari la kufundishia. Tulimlaza nyuma, mimi nikakaa kiti cha pembeni chenye breki ya pili, nimekunja miguu kama mtoto nisije nikaikanyaga. Njia nzima mume wangu alikuwa akimwita dada yake kwenye kioo. Hakuitika.

Hospitali walimpokea haraka. Wakamchukua damu, wakamweka chumba cha peke yake, sisi tukapewa barakoa na kuambiwa tukae kwenye korido. Baada ya muda daktari akatoka, mama wa makamo mwenye sauti ya chini, akiwa na karatasi mkononi. Akauliza mgonjwa anatumia dawa gani.

Mume wangu akajibu kwamba hatumii dawa, anakula mwani tu.

“Vidonge vya tezi je?” daktari akauliza.

“Hapana, Daktari,” mume wangu akasema. “Hivyo ni marufuku kwake. Vilitaka kumuua.”

Nilidhani sikusikia vizuri.

Akaeleza. Miaka minne nyuma, mwaka ambao mimi nilikuwa kwetu namuuguza mama, dada yake alipewa vidonge vile vile vya tezi. Mwili wake haukuvipokea. Vilimshushia chembe za damu zinazopigana na maradhi, akapata homa na vidonda vya mdomo, akalazwa wiki tatu. Mimi huko kwetu niliambiwa tu ana homa kali. Tangu hapo kadi yake imeandikwa kwa wino mwekundu kwamba asipewe tena maisha yake yote. Ndiyo maana akapangiwa kisu.

Daktari akasema ndicho kilichomshangaza, kwa sababu damu aliyoipima leo inaonyesha jambo lile lile. Akatufafanulia kwa lugha nyepesi kwamba mgonjwa hana askari mwilini. Kama ni vidonge, anajua pa kuanzia. Kama si vidonge, atalazimika kutafuta ugonjwa mwingine, kumtoboa mfupa wa nyonga, kumpa dawa za kubahatisha, na hali aliyonayo haina nafasi ya kubahatisha.

“Kwa hiyo nauliza tena,” akasema.

Mume wangu akaapa. Akasema yeye anamjua dada yake, hawezi kuvigusa vidonge vile hata kwa fimbo. Aliapa kwa kaburi la mama yao. Mimi nilikuwa nimesimama hatua moja nyuma yake, natazama kola ya shati lake, shati nililolishona mwenyewe, na sikusema kitu.

Nimewaambia mengi ya aibu katika gazeti hili. Lile la korido ndilo ninaloota.

Daktari akageuka kuondoka. Wakati huo huo mume wangu akaitwa dirishani kuandikisha mgonjwa. Miguu yangu ikamfuata daktari kabla kichwa hakijakubali. Nikamshika koti kwenye kona.

“Daktari, amemeza,” nikasema.

“Amemeza nini?”

“Vidonge vya tezi. Vyangu. Nilimpa mimi kwenye mwani. Yeye hajui.”

Nilijiandaa kwa kofi, au angalau kwa macho. Akatoa kalamu. Akauliza kidonge cha ukubwa gani, mara ngapi kwa siku, tangu lini, cha mwisho alikunywa saa ngapi. Nikajibu kila swali. Cha mwisho kilikuwa asubuhi ile ile. Homa ilikuwa imeshapanda, na bado nilimpa, nikidhani kitamsaidia. Akaandika hata hilo, mkono wake haukusita.

Akamwita muuguzi, wakasemezana kwa haraka, muuguzi akaondoka karibu anakimbia. Nikauliza kama wifi yangu atapona. Akasema hajui, ila sasa ana nafasi ambayo dakika tano zilizopita hakuwa nayo.

Nikamwomba asimwambie mume wangu.

“Mgonjwa ana fahamu sasa, nitamwambia mimi,” akasema, “kwa sababu mwili ni wake. Mume wako utamwambia wewe.”

Nikaenda chooni kuosha uso. Nilifungua bomba na kuliacha likimwagika, nikijifunza sentensi. Nilianza na samahani, nikaifuta. Nilianza na nia yangu ilikuwa njema, nikaifuta hiyo pia. Mwishoni nikabaki na maneno mawili tu, nilimpa mimi, nikayarudia mpaka mama mmoja aliyeingia na mtoto akaniuliza kama naumwa.

Nilipotoka nikajua nitasema. Naomba mniamini katika hilo, hata kama hamna sababu ya kuniamini katika mengine.

Nikavaa barakoa, nikasukuma mlango wa chumba.

Mume wangu alikuwa ameshatangulia. Alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, ameushika mguu wa dada yake juu ya shuka. Wifi alikuwa amefumbua macho. Dripu mbili zilikuwa zinashuka. Daktari hakuwepo, lakini nilipoyaona macho ya wifi nikafahamu kwamba daktari alikuwa ameshapita. Wifi alikuwa anajua.

“Kaa,” mume wangu akaniambia. Sauti yake ilikuwa imekwaruza. “Dada ameshaniambia yote.”

Nilitafuta ukuta kwa mkono.

“Anasema ni yeye,” akaendelea. “Anasema alikuta vidonge kwenye vitu vyako, akavitambua. Akameza kwa siri kwa kuogopa kisu. Anasema wewe hukujua lolote.”

Wifi alikuwa ananitazama bila kupepesa.

Akanyanyua vidole viwili kutoka kwenye shuka, akaniita. Nikasogea na kuinama. Mkono wake ulikuwa wa moto kama mpini wa pasi, lakini ulinibana kwa nguvu ambayo sikutegemea anayo. Midomo ilikuwa imepasuka, maneno yalitoka moja moja, na aliyasema chini sana ili yaishie kwangu.

“Nikifa mimi,” akasema, “mdogo wangu hana mwingine ila wewe. Nyamaza.”

Mume wangu akasimama. Nadhani ndipo habari aliyoambiwa ilipoanza kumwingia vizuri, kipande baada ya kipande. Akanitazama usoni, kisha macho yakashuka taratibu mpaka shingoni, yakabaki hapo.

“Vidonge vyako?” akauliza. “Wewe unameza vidonge vya tezi?”

Nikaitikia kuwa ndiyo.

“Tangu lini?”

Nikamwambia tangu kabla ya picha.

Nilimwona anarudi nyuma siku kwa siku, hadi kwenye simu aliyoipigia hospitali kwa mkono wake ili kusogeza tarehe. Wifi akazidi kunibana.

“Sawa,” mume wangu akasema mwishowe. “Hilo tutalizungumza nyumbani. Sasa hivi nataka jibu moja. Dada alivichukua mwenyewe, kama anavyosema?”

Nilimtazama wifi. Akafumba macho, kama mtu aliyekwisha kulipa nauli ya mwenzake na hataki kushukuriwa.

Mume wangu akauliza mara ya pili.